Mwaka mzima na kipima hewa cha leza kwenye mji wa viwanda: ni kizuri, ila usisome namba bila kuangalia anga

Nianze na sababu ya kukinunua manake ndo inayoeleza kwa nini nimekifatilia kiasi hiki. Mwanangu ana pumu. Tunaishi mji wa viwanda ulio bondeni, vilima huku na huku, mto katikati, mabomba ya moshi yamejipanga kando ya mto. Kulikua na siku mtoto anaamka mzima kabisa anacheza mpaka jioni, na siku nyingine saa moja asubuhi kifua kimeshabana anatafuta dawa yake ya kuvuta, na viwanda ni vilevile, havijaongezeka wala kupungua, magari ni yaleyale, nyumba ni ileile. Nilitaka kujua tofauti inatoka wapi, basi.

Nikachukua kipima hewa kidogo cha mezani, cha leza, kinapima chembe za PM2.5, joto, unyevu na kabonidayoksaidi, kina skrini yake na kinatuma data kwenye simu kwa waifai. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina malalamiko nao na nitayasema humuhumu, na isitoshe vifaa vya aina hii viko vingi na ndani sensa zao zinafanya kazi kwa njia ileile, kwa hiyo haya yatakufaa hata ukichukua cha kampuni nyingine.

Kwanza ujue kinapimaje, manake bila hilo utadanganyika. Ndani kuna feni ndogo inavuta hewa, hewa inapita mbele ya mwanga wa leza, kila chembe inayopita inatawanya mwanga kidogo na kuna sensa pembeni inahesabu mimweko hiyo. Yaani kifaa hakipimi uzito wa vumbi hata siku moja, kinaona mwanga halafu kinakisia uzito. PM2.5 ni chembe zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana, na unywele wa mtu ni kama maikromita 50 hadi 70, sasa fikiria udogo huo, pua haizizuii, zinateremka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake, wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo (mwaka 2005 walikua wamesema 10), na wastani wa saa 24 usizidi 15. Hizo namba ziandike mahali, kwenye boksi la kifaa changu hazikuwepo.

Wiki ya kwanza nilikua nakodolea macho namba tu. Inapanda nashtuka, inashuka napumua. Sikujifunza chochote. Kitu kilichobadilisha mambo ni siku niliyofungua grafu ya siku saba kwenye apu nikaona mistari yote ina umbo moja. Mchana chini. Kuanzia saa moja jioni inaanza kupanda taratibu, usiku wa manane iko juu, alfajiri juu zaidi, af kati ya saa tatu na saa nne asubuhi inaruka ghafla inakua kama kilele, halafu inaporomoka na kufika saa sita mchana imetulia. Siku saba, umbo lilelile. Na viwanda vya hapa vinafanya kazi mchana na usiku, moto hauzimwi, kwa hiyo sio kwamba usiku wanachoma zaidi. Wahenga walisema hapafuki moshi pasipo moto, ni kweli, ila moto ule ule mmoja saa nane mchana unatupa hewa safi na saa kumi na moja alfajiri unamnyima mtoto pumzi, kwa hiyo kuna kitu kingine katikati, na kitu chenyewe ni hewa inavyosimama juu ya mji.

Nieleze nilivyoelewa mimi. Kwa kawaida ukipanda juu joto linapungua, wastani wake ni kama digrii 6.5 kwa kila kilomita moja. Hewa ya chini ikipashwa na jua inakua nyepesi, inapanda na kubeba moshi, na nyingine inashuka kuchukua nafasi yake, kwa hiyo mchana wa jua moshi unachanganywa kwenye hewa ya kina cha kilomita moja au hata mbili. Ni nafasi kubwa sana hiyo, moshi unapotea ndani yake. Usiku bila mawingu ardhi inapoa haraka, inapoza hewa iliyoigusa, na hapo mpangilio unageuka, baridi inakua chini na joto linakua juu. Hewa baridi ni nzito, haina sababu ya kupanda, na lile tabaka la joto juu yake linakaa kama mfuniko wa sufuria. Kile kina cha kilomita moja kinaweza kubaki mita mia moja na kitu tu. Moshi ni uleule, chumba kimekua kidogo mara kumi.

Bonde linazidisha hilo. Hewa baridi ya vilimani inateremka usiku kama maji yanavyofuata mtelemko, inajikusanya kwenye sakafu ya bonde, palepale viwanda vilipo na nyumba zetu zilipo. Vilima vinakinga upepo ambao ungepita kusafisha. Asubuhi navyo vinachelewesha jua kufika chini. Kwa hiyo watu wa mji ulio tambarare wanaweza kua wameshapata nafuu wakati sie wa bondeni bado tuko ndani ya sufuria.

Kile kilele cha saa tatu hadi saa nne kilinisumbua zaidi, sababu jua limeshatoka, nilitegemea hewa iwe inapona. Alienifungua macho ni mzee mmoja jirani aliyefanya kazi kiwandani karibu maisha yake yote. Nilimuonyesha grafu kwenye simu, hakuangalia hata, alinyoosha kidole kwenye bomba refu akaniambia, "Mwanangu, mie sina simu hiyo, mie naangalia moshi umelalaje." Akanifundisha. Ukiona moshi unatoka unajiviringa, unapanda na kushuka kama mawimbi, hewa iko hai, inachanganya. Ukiona umetoka ukalala umenyooka kama mkeka uliotandikwa angani, mwembamba, unaenda mbali bila kupanda wala kushuka, hewa imekufa. Na ule mkeka wa usiku ndo unaokuja kutudondokea asubuhi, jua likianza kupasha ardhi lile tabaka la chini linaanza kuchemka kutoka chini kwenda juu, likifika kwenye kimo cha mkeka linaukoroga na kuuvuta wote chini kwa mkupuo. Moshi wa usiku kucha unafika mlangoni kwako ndani ya saa moja. Halafu mfuniko ukivunjika kabisa unatawanyika. Tangu siku ile naangalia bomba kabla sijaangalia skrini, na mara nyingi najua namba kabla sijaisoma.

Kwa hiyo matumizi ya kwanza kabisa ya kifaa hiki kwetu yalikua ni kubadilisha saa za madirisha. Sisi tulikua tunafungua jioni, kumepoa, kaupepo kazuri, tunalala madirisha wazi. Ndo wakati mbaya kuliko wote! Sasa hivi tunafungua kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na moja jioni hivi, tunafunga kabla jua halijazama, na mtoto hatoki kukimbia kabla ya saa tano asubuhi siku za mkeka. Miezi minne baada ya hapo idadi ya asubuhi za kifua kubana imepungua waziwazi nyumbani kwetu. Sisemi kifaa kimemponya, daktari wake anaendelea na dawa na wewe usiache dawa kwa sababu ya kidude cha mezani. Nasema kimetupa saa sahihi.

Ngoja niseme kitu kuhusu uzito wa jambo hili, manake kuna watu wanaona ni anasa. Bonde la mto Meuse, Ubelgiji, Desemba 1930, hewa ilisimama siku kadhaa juu ya viwanda vya chuma na zinki, zaidi ya watu 60 wakafa. Donora, Pennsylvania, Marekani, mji mdogo kwenye kona ya mto Monongahela, mwisho wa Oktoba 1948, kiwanda cha zinki na cha chuma, mfuniko ulikaa siku tano hivi, watu 20 wakafa na kama 6,000 kati ya wakazi 14,000 wakaugua, na kilichowaokoa mwishoni ni hali ya hewa kubadilika na mvua. London tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, baridi, hakuna upepo, makaa ya mawe kila nyumba, hesabu ya kwanza ilikua vifo 4,000 na uchambuzi wa baadae ukafikisha kama 12,000, na sheria ya hewa safi ikaja 1956. Nikisoma hizo habari kinachonigusa ni kwamba viwanda na majiko yale hayakuanza wiki ile. Yalikuwepo miaka na miaka. Wiki ile hewa ndo iliacha kuyaficha. Watu wa Donora wangekua na mtu wa kuwaambia siku ya kwanza kwamba mfuniko umefunga, zimeni tanuru, nadhani wangekua na wazee wao mwaka uliofata.

Sasa kasoro, na hapa ndo nataka usome kwa makini kabla hujatoa pesa.

Kasoro kubwa ni unyevu. Asubuhi za ukungu kifaa changu kilikua kinasoma karibu mara mbili ya kituo rasmi cha kupima hewa kilicho upande wetu wa mji, wakati siku kavu vinaenda sambamba vizuri tu. Nilidhani kimeharibika. Kumbe ni ile habari ya mwanga, chembe za salfeti na nitreti, zinazotokana na moshi, zinapenda maji, unyevu ukivuka kama asilimia 75 au 80 zinafyonza maji zinavimba, chembe iliyovimba inatawanya mwanga mwingi zaidi na kifaa kinadhani vumbi limeongezeka. Ukungu wenyewe ni matone, nayo yanahesabiwa. Vituo rasmi vinakausha hewa kwanza kabla ya kupima, hivi vyetu havikaushi. Na hili linajulikana, shirika la mazingira la Marekani EPA linapoweka vipima vya bei nafuu vya namna hii kwenye ramani yake ya moto na moshi linarekebisha kila usomaji kwa kutumia unyevu. Kifaa changu kina sensa ya unyevu humohumo ndani, namba ya unyevu iko kwenye skrini ileile, na apu haiitumii kurekebisha chochote! Hili linaniuma sana. Niliwaandikia huduma kwa wateja nikaeleza na picha za grafu, nikajibiwa nizime kifaa niwashe tena. Nikaandika mara ya pili, jibu lilelile.

Na ujue pia ukungu sio kisingizio cha kupuuza namba. Ukungu na mfuniko ni marafiki, vyote vinapenda usiku mtulivu wenye baridi, na kwenye matone ya ukungu gesi ya salfadayoksaidi ya viwandani inageuka haraka kua chembe za salfeti. Kwa hiyo asubuhi ya ukungu kifaa kinazidisha, na hewa nayo kweli ni mbaya. Mie siku hizo nagawa namba kwa mbili kichwani, na bado madirisha sifungui.

Kasoro ya pili ni upande wa pili wa vumbi. Msimu wa kiangazi upepo ukivuma kutoka maeneo ya machimbo na barabara za udongo, unaona vumbi kwa macho, unalitafuna mdomoni, na kifaa kinakwambia hewa ni ya wastani. Leza hizi hazioni vizuri chembe kubwa, namba ya PM10 (chembe zisizozidi maikromita 10) inayoandikwa kwenye skrini kwa sehemu kubwa ni makisio yanayotokana na chembe ndogo. Ukiishi sehemu kame yenye vumbi la upepo usikinunue kwa ajili ya PM10, nakuomba.

Ya tatu, ukiacha kabonidayoksaidi, gesi hakioni. Salfadayoksaidi, naitrojenidayoksaidi, ozoni, kabonimonoksaidi, vyote hivyo kwake ni kama havipo, na kabonimonoksaidi inaua bila harufu kwa hiyo kama una jiko la mkaa ndani hiki kifaa hakikulindi hata kidogo. Ozoni nayo ina tabia ya kinyume kabisa na niliyoeleza juu, inapikwa na jua, mchana wa joto ndo inapanda. Los Angeles ni mfano unaojulikana, bahari inaleta hewa baridi chini, juu inashuka hewa ya joto inafunika, milima iko nyuma inazuia, af jua kali linapika moshi wa magari na viwanda, mkemia Arie Haagen-Smit ndo alionyesha hilo miaka ya mwanzo ya 1950. Mtu wa mji wa namna ile akifata ratiba yangu ya kufungua dirisha mchana ataingiza ozoni ndani huku skrini inaonyesha kijani. Kwa hiyo usikopi saa zangu, soma grafu yako na ujue uko kwenye umbo gani la nchi.

Kwa mfano mji wa pwani au kando ya ziwa kubwa. Mchana upepo unatoka majini kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Moshi unasukumwa bara mchana, usiku unarudishwa, kesho yake unaletwa tena, unaweza kua unavuta moshi wa jana. Au mji wa nyanda za juu uliozungukwa na milima kama Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, injini zisizorekebishwa kwa kimo hicho haziunguzi mafuta vizuri, na bakuli la milima linashika kinachotoka. Au Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, bonde, baridi ya digrii 30 chini ya sifuri, makaa ya mawe kwenye majiko, mfuniko unaweza kukaa siku nyingi kwa sababu jua la kipindi hicho halina nguvu ya kuuvunja. Mji tambarare wenye upepo wa kutosha grafu yake inafata zaidi upepo unatoka upande gani, viwanda vikiwa upande unaotoka upepo unapata moshi wewe, upepo ukigeuka mtaa mwingine unapata. Huko ningekushauri uandike na mwelekeo wa upepo kila siku kwenye daftari, mimi nimefanya hivyo na daftari limenisaidia kuliko apu.

Mvua niliipa sifa kuliko inavyostahili, nilidhani inaosha kila kitu. Kifaa kimenionyesha kwamba mvua nzito ya muda mrefu inashusha namba vizuri, manyunyu ya nusu saa karibu hayafanyi kitu kwa PM2.5, chembe zenyewe ni ndogo mno zinapitiwa pembeni na tone. Mara nyingi kinachosafisha ni upepo uliokuja na mvua.

Na kuna hoja ya kujenga mabomba marefu zaidi, naisikia sana kwenye vikao vya mtaa. Inasaidia jirani wa karibu, hilo kweli, bomba likivuka mfuniko moshi unaenda zake juu. Ila Sudbury kule Ontario, Kanada, walijenga bomba la mita 381 mwaka 1972, hewa ya mjini ikapata nafuu na salfa ikaenda kuanguka mbali zaidi. Nafuu ya uhakika ilikuja pale walipopunguza salfa yenyewe inayotoka. Mie kwenye kikao nasimamia hapo, wachuje, na siku mfuniko umefunga wapunguze moto.

Kabonidayoksaidi sina mengi. Inasaidia kujua chumba kimefungwa mno, nje ni kama sehemu 420 na kitu kwa kila milioni ya hewa, chumba cha kulala kikifungwa usiku kinavuka 1,500 bila shida. Sensa yake inajirekebisha yenyewe kwa kuamini kwamba mara kwa mara inakutana na hewa ya nje, kwa hiyo itoe nje kidogo walau mara moja kwa wiki la sivyo itaanza kudanganya.

Mengine: feni ilianza kulia mwezi wa nane, nikapuliza vumbi kwa pampu ya mkono ikatulia. Rangi za apu, kijani njano nyekundu, hawasemi wanafata kiwango cha nani, mimi rangi nimezizima naangalia maikrogramu. Kuhamisha data kwenda kwenye kompyuta kunawezekana, na hilo nawapongeza, bila hilo nisingeona umbo la mwaka mzima, miezi ya baridi mistari iko juu na vilele vinachelewa mpaka karibu saa tano, miezi ya joto vilele vinakuja mapema na vifupi. Usikiweke karibu na jiko wala dirishani kabisa, na usikiweke bafuni ukidhani ni sehemu tulivu, mvuke utakitia wazimu. Mie nimekiweka kwenye rafu kimo cha kichwa cha mtoto anapolala.

Kama uko bondeni au kwenye bakuli la milima na kuna mtu mwenye kifua nyumbani, chukua, kitakulipa. Kama uko sehemu ya vumbi zito au shida yenu ni gesi na harufu kali kutoka kiwandani, hiki sio kifaa chako. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibakiza, siku watakapoweka rekebisho la unyevu kwenye apu nitarudi kuiongeza.